Nyirabukara na Karatasi ya Herufi S

Sipendi kueleza mambo haya, na wale tunaofanya kazi pamoja wanajua kwamba mutu akitaja maharagi mbele yangu ninaanza kutafuta mulango, lakini kwa kuwa mumeniuliza (na juu wengine wenu mulisikia ile ya kuongezwa chumvi, eti nilitia maharagi ndani ya sanduku nikayazika, uongo mutupu), nitaeleza mwenyewe tangu mwanzo, na mucheke pale munapotaka, isipokuwa sehemu moja ambayo mutaijua wenyewe mukifika.

Mimi ni asista, yaani mwalimu wa universite ambaye bado hajafika kuwa profesa, yule anayesahihisha mitihani ya kalasi nzima wakati profesa iko safari, na kazi yangu pale Goma iko katika fakilte ya agronomi, mambo ya kilimo. Nilizaliwa Kalengera, kwenye barabara kubwa ya Rutshuru, na kwetu kulikuwa maharagi ya aina moja, meusi, yanayopanda juu ya miti, yanayoitwa Nyirabukara. Kwa Kinyarwanda hilo ni jina kama la mama yeyote, na kwetu tulizoea kumutaja kama mutu: Nyirabukara amezaa vizuri mwaka huu, Nyirabukara hapendi mvua nyingi. Alitulisha sisi wote. Lakini miaka hii, juu ya ugonjwa, juu ya vita, juu ya watu kukimbia na kuacha mashamba, amepotea. Sokoni humuoni tena. Mimi nilijua mama mujane mumoja tu kule Kalengera aliyebaki na mbegu yake, kikopo kimoja cha kupanda kila musimu, na niliwaza kila siku kwamba yule mama akikimbia bila kikopo, basi, imekwisha.

Sasa universite ikatangaza kwamba kuna fungu la ndani la kusaidia utafiti wa walimu wake, na safari hii hata maasista wanaruhusiwa kuomba. Nilikuwa nimengoja tangazo kama lile miaka sita. Mwisho wa kuweka dosie, yaani maombi yenyewe, ulikuwa ijumaa. Siku ya kwanza tu, saa sita muchana, nikapanda ngazi mpaka Biro ya Utafiti na nikakuta mulango umefungwa, na karatasi imebandikwa: Ninarudi. Kando ya mulango kulikuwa meza yenye mafungu mawili ya formilere, zile karatasi za kujaza. Zote ziliandikwa juu kwa herufi kubwa OMBI LA MUSAADA WA NDANI, kwa Kifaransa, zote zilipita katika mashini ileile ya fotokopi inayokula upande wa kuume, na tofauti niliyoiona ilikuwa moja: chini kabisa, kwenye kona, fungu moja lilikuwa na herufi R na lingine herufi S.

Ningengoja dakika kumi. Ningemuuliza hata mama aliyekuwa anapangusa ngazi. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimewapigia wanafunzi kelele kwamba mutu mwenye kusoma anasoma maagizo, haulizi ulizi, na sasa nilisikia haya kusimama pale kama mutu aliyepotea. Nikajiuliza mwenyewe na nikajijibu mwenyewe (huo ndio ugonjwa wa walimu): S ni Sayansi, R ni Rekta, mukubwa wa universite yote, bila shaka ni ya wakubwa. Nikachukua S.

Ile formilere ilinipendeza, niseme ukweli. Ilikuwa fupi, haikuuliza bibliografia, haikuuliza ratiba. Mustari wa kwanza uliuliza ombi linahusu nini, nami nikaandika kwa Kifaransa changu kizuri: disparition de Nyirabukara, Kalengera. Munajua Kifaransa chetu. Disparition ni kupotea, lakini pia ndiyo neno la adabu ambalo watu wa radio wanatumia mutu akifa. Dakika ile mimi nilikuwa na maana moja tu kichwani. Mustari wa pili uliandikwa "Lien de par", na hapo mashini ilikuwa imekula kilichobaki. Uhusiano wa nini? Nikawaza wanataka partenariat, ushirikiano, mambo ya washirika wa mupango, basi nikaandika: tangu utoto, alitulisha sisi wote. Kwenye sababu nikaandika: ugonjwa, vita, kuachwa na watu wake. Kwenye watu walioguswa nikaandika: familia arobaini. Nikatia sahihi, nikaitumbukiza ndani ya kisanduku cha reseption, cha kupokea karatasi, nikashuka ngazi nikipiga muluzi.

Siku ya tatu mambo yakaanza kunichanganya. Niliingia katika kalasi na wanafunzi wote wakasimama. Hao ni watu ambao kwa kawaida wanaendelea kula mandazi mpaka ninapofika ubaoni. Wakasimama kimya, na mukubwa wao wa kalasi akasema, "Mwalimu, kama unataka kwenda nyumbani, sisi tutasoma wenyewe." Nikasema hapana, tuko na somo la udongo, na nikasikia musichana mumoja wa nyuma akisema kwa sauti ya chini, "Huyu mutu iko na nguvu." Nguvu ya nini? Ya kufundisha udongo? Kwenye korido profesa mumoja wa kemia, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kujibu salamu yangu, akanishika mukono kwa mikono yake miwili, akanitazama sana, akaondoka bila kusema kitu. Mimi nikaenda choo kujitazama kwenye kioo. Nikawaza labda wamenifukuza kazi na barua haijanifikia.

Ijumaa sekretere wa doyeni akanipigia telefone. (Doyeni ndiye mukubwa wa fakilte yetu, Profesa Bahati, mutu wa sauti ya pole na koti moja.)

"Asista," akasema, "pole sana."

"Asante, mama."

"Komite imeona dosie yako. Imepita mbele ya zote, hata hawakujadiliana."

Nikasema, "Mungu ni mwema."

"Ndiyo," akasema, "hata katika hali hii ni mwema. Sasa kesho saa tisa tutakuja kwako nyumbani. Kuko nafasi ya kukalisha watu?"

"Komite yote itakuja?"

"Fakilte yote, Asista. Hatuwezi kukuacha peke yako."

Nikafunga telefone na nikabaki nimesimama katikati ya njia mpaka motari mumoja, mwendesha pikipiki, akanipigia honi. Nikawaza: kumbe siku hizi fungu la utafiti linakuja kukagua mutafiti kwake nyumbani, na fakilte yote, ni utaratibu mupya, labda wafadhili ndio wanataka hivi. Na ile "pole" nikaiweka pamoja na zile pole za kazi ambazo tunapeana kila siku. Eh, muniache, mutu akitaka kitu sana masikio yake yanachagua.

Mimi ninaishi Ndosho, palepale Goma, na mama yangu, muzee wa miaka sabini na kitu, aliyetoka Kalengera na bado anaongea na mimi Kinyarwanda kama vile niko mutoto wa kuchunga mbuzi. Nilimuambia, "Mama, wakubwa wa kazi wanakuja kesho kuona Nyirabukara."

"Kuona maharagi?" akasema. "Kwao hakuna maharagi?"

"Ya aina hii hakuna. Ndiyo kazi yangu."

Akatikisa kichwa, lakini mama ni mama, alitoa kilo mbili za Nyirabukara ambazo yule mujane alimutumia kwa krismasi, akaniachia kibakuli kimoja cha mbegu niwaonyeshe wakubwa, na yaliyobaki akayaweka kwenye moto tangu asubuhi. Mimi nikapanga sebule: kibakuli katikati ya meza, picha za mashamba kwenye ukuta, na suruali niliyopiga pasi mara mbili.

Saa tisa kamili bisi ya universite ikasimama mbele ya kiwanja chetu. Wa kwanza kushuka walikuwa vijana wawili na bashi, lile turubai kubwa la kufunika watu, na viti vya plastiki. Nikawaza, universite imejipanga, wameleta hata kivuli. Kisha wakashuka wamama wa fakilte wamefunga vitambaa vya kichwa, kisha maprofesa wenye makoti meusi, kisha kwaya. Kwaya ikaingia ikiimba polepole, na hata hapo, naapa, sikushituka, juu kwetu hakuna mukutano unaoanza bila wimbo na maombi, hata tukikutana juu ya kununua chaki tunaomba kwanza.

Doyeni akanikumbatia. "Jipe moyo," akasema.

"Niko tayari, Profesa."

Akarudi nyuma kidogo akanitazama. "Watu wachache wanasema hivyo," akasema.

Mama akatoka ndani na liputa yake, kitenge cha jumapili. Wamama wakamuzunguka, wakamupapasa mabega, wakamuambia pole mama, pole sana, Mungu aliyemutoa ndiye aliyemutwaa, na mama, ambaye Kiswahili cha haraka kinamupita, akawa anajibu, "Karibuni, mukae, chakula iko karibu." Akaniuliza kwa Kinyarwanda, "Kwa nini wananishika shika?" Nikamujibu kwamba ndivyo watu wa universite wanavyosalimia. Nilikuwa natamani mutu anijibu na mimi.

Katika wale wamama kulikuwa Mama Neema wa bibliotheki. Huyu mumujue. Ni mama wa makamo, kimya, ndiye anatunza vitabu vyetu, na mudogo wake alikuwa shofere wa kubeba mboga kutoka Rutshuru. Asubuhi moja alipiga telefone kwamba anaondoka kule, na hakufika Goma, wala gari, wala mwili, mpaka leo. Mama Neema akaja akakaa kwenye kiti cha karibu na mimi, karibu kabisa, akaniwekea mukono juu ya goti kama dada. Akasema polepole, "Sasa tuko wawili pale kazini." Sikuelewa tuko wawili katika nini. Nikawaza labda na yeye ameomba fungu. Nikamuambia, "Tutasaidiana, mama," naye akaanza kulia. Basi kichwa changu kikasimama kabisa.

Pasta akaomba, maombi marefu yaliyotaja bonde la mauti, nami nikafungua jicho moja nikatazama watu. Kisha doyeni akasimama na karatasi mukononi. Ilikuwa formilere yangu.

"Ndugu yetu," akasema, "hakuandika maneno mengi. Aliandika hivi: tangu utoto, alitulisha sisi wote." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Kisha ameandika sababu. Ugonjwa. Vita. Na neno la tatu, nimelisoma mara nyingi: kuachwa na watu wake. Nani katika sisi iko na ujasiri wa kuandika neno hilo? Nani hapa hajaacha mutu kule, juu barabara ilifungwa, juu ya woga, juu ya kazi?"

Kwaya nzima ilikuwa inapangusa macho. Mimi nilikaa pale ninasikia maneno yangu yakisomwa na nilijisifu, nimuogope Mungu niseme ukweli, nilijisifu kwa nusu dakika kwamba nimeandika utafiti wa kuliza maprofesa. Halafu kitu kikaanza kunikwaruza ndani, sikujua ni nini, kama mutu aliyevaa shati ndani nje na anajua tu kwamba kola haikai.

"Asista," doyeni akasema, "ukiweza, tuambie kidogo juu yake."

Ndipo nikasimama. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu usiku kucha, na mutu aliyejifunza maneno hawezi kuyaacha.

"Asanteni," nikasema. "Kwanza nataka mujue kwamba Nyirabukara hajapotea kabisa. Watu wengi wanawaza amekwisha. Si kweli. Kuko mama mujane mumoja kule Kalengera, yeye alimuficha."

Mukono wa Mama Neema ukaondoka kwenye kiti changu. Akasimama. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mutu aliyeitwa jina lake kutoka mbali.

"Yuko hai?" akauliza. "Walimuficha, na yuko hai?"

"Yuko hai, mama," nikamujibu, na nilitabasamu, munaona, nilitabasamu. "Hata hapa nyumbani yuko. Mama amemupika tangu asubuhi, sasa hivi tutamula wote."

Ninakumbuka mutu mumoja wa kwaya aliangusha kitabu cha nyimbo. Ninakumbuka pasta akiangalia mulango wa jiko letu. Doyeni akakunja karatasi polepole, akaikunjua tena, akasema kwa sauti ya mutu anayekanyaga mawe ya lava bila viatu, "Asista. Nyirabukara ni nani?"

"Ni maharagi, Profesa. Aina ya maharagi."

Na ni dakika hiyohiyo mama alichagua kutoka na sufuria.

Kuna walioanza kucheka, musichana mumoja wa kwaya kwanza, kisha profesa wa kemia, akacheka mpaka akashika nguzo ya bashi na bashi ikainama. Wengine hawakucheka. Mama mumoja wa fakilte alisema kwamba alikuwa ameacha ubatizo wa mujukuu wake kuja kulia maharagi. Doyeni akanionyesha karatasi, akaweka kidole kwenye ile herufi ya chini, akaniambia kwamba S ni Sosiale, ni fungu la matanga na magonjwa, na lile neno lililokatwa ni parenté, udugu, na R ndiyo Recherche, ndiyo Utafiti, na kwamba dosie za R zimefungwa jana. Nilikuwa namusikia na sikuwa namusikia. Nilikuwa natafuta Mama Neema. Kiti chake kilikuwa wazi, na mutu akaniambia ametoka, ameshika moto, pikipiki ya kukodi, ameenda.

Pasta ndiye aliyetuokoa. Alisema kwamba chakula hakina kosa, akakibariki, na watu wakala. Wakamaliza sufuria yote, wengine wakaomba mbegu. Mama yangu, nilipomueleza mwishowe, akauliza, "Kwa hiyo wale walikuwa wananililia mimi?" Hakuongea na mimi siku mbili. Kwake mutu kuliliwa akiwa muzima ni kumuonyesha kifo njia ya nyumba.

Siku ya kazi nilirudisha bahasha ya pole waliyonichangia, ile wamama walimupa mama walipofika, na doyeni akaipokea bila kunigombeza, hiyo ndiyo iliniumiza. Alisema tu, "Ungeuliza." Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Mama Neema alikuwa ameweka formilere ya S juu ya mudogo wake, miezi mingi imepita, na komite iliikataa kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba amekufa. "Yako," doyeni akasema, "hatukuiuliza karatasi yoyote." Alitazama meza. "Uliandika vizuri."

Nikaenda bibliotheki. Nilikuwa nimejipangia maneno mengine (siponi, munaona), lakini nilipomuona anabandika namba kwenye vitabu yote yakapotea, nikasema tu, "Mama, nisamehe."

"Juu ya maharagi?" akasema bila kuinua macho. "Maharagi ni maharagi. Watu wanakosea."

Akabandika kitabu kingine.

"Mimi nilikasirika juu yangu mwenyewe," akasema. "Sekretere aliponiambia kwamba mama mumoja wa kwenu amepotea kule Rutshuru, nilifurahi. Unasikia? Nilifurahi. Nikasema, sasa kuko mutu wa pili anayejua. Nilivaa nguo vizuri nikaja kwako nikiwa na hiyo furaha ndani yangu. Na kisha ukasema yuko hai."

Nilikaa kwenye kiti cha wasomaji mpaka akamaliza fungu lile la vitabu, kisha akaniomba nimupandishie mengine kwenye rafu ya juu, nikapandisha. Wiki zilizofuata nilimusaidia kuandika barua kwa komite, na doyeni akaisimamia mwenyewe, na mwishoni walikubali kuandika "kupotea" pale walipotaka "kifo", na akapata musaada wake, na familia yao ikafanya maombi. Nilienda. Nilikaa nyuma.

Mimi sikupata fungu la utafiti mwaka ule. Nimeomba tena mwaka huu, na kabla ya kujaza nilimuuliza sekretere, nikamuuliza mama wa ngazi, nikamuuliza hata mulinzi wa geti, na wakanicheka wote, na sawa. Nimeapa kwamba sitatia sahihi tena karatasi ambayo mashini imekula upande. Na ile dosie mupya nimeiita kwa jina refu na baya, "Kuzidisha mbegu ya maharagi meusi yanayopanda". Neno kupotea sikulitia. Sitalitumia tena kwa kitu ambacho mutu anaweza kukipanda kikaota.